Vigae vya chupa: Hazina ya bure inayotemwa na bahari

Na MWANDISHI WETU

KILA likizo ya shule inapowadia, familia nyingi za Nairobi, Nakuru na Eldoret hufunga safari ya kwenda Mombasa. Wenye uwezo hulala hotelini, na wale ambao mfuko hauruhusu hufikia kwa jamaa zao Kisauni, Likoni au Changamwe. Wakiwa huko huogelea, hupanda ngamia, hupigwa picha mbele ya Fort Jesus, hula viazi karai na mahamri kwa mbaazi, kisha hurudi bara na leso mbili tatu na kopo la achari. Mwaka unaofuata hufanya yayo hayo.

Si vibaya. Lakini kuna raha moja ya pwani isiyo na tikiti wala kiingilio, isiyomtaka mtu ajue kuogelea, na ambayo wageni wengi huipita huku wakiikanyaga kwa nyayo zao. Nayo ni kuokota vigae vya chupa vilivyolainishwa na bahari.

Usicheke, msomaji mpenzi. Najua kwamba mzazi yeyote mwenye akili timamu humwonya mwanawe dhidi ya vipande vya chupa. Vipande tunavyovizungumzia hapa ni vya namna nyingine kabisa. Ukikishika kimoja kiganjani utadhani ni peremende iliyomumunywa ikaachwa nusu. Hakikati, hakichomi, hakina ncha. Wala hakimeremeti kama kioo cha dirisha, bali kimefunikwa na ukungu mwembamba, mithili ya bilauri iliyotiwa maji ya barafu. Kiinue ukielekeze kwenye jua na utaona mwanga ukipenya ndani yake kwa upole, kama taa iliyowashwa nyuma ya pazia.

Kwa watu wa nchi nyingi, kuviokota vigae hivi ni burudani inayowatoa kitandani alfajiri. Wapo wanaovihifadhi katika mitungi ya kioo dirishani, wapo wanaovitengenezea vipuli na mikufu, na wapo wanaoviokota kwa sababu tu kuinama na kuokota huituliza akili. Hapa kwetu raha hii haijashika sana, ilhali bahari tunayo.

Mchanga, magadi na chokaa

Ili kukielewa kigae cha bahari, sharti mtu ajue kioo chenyewe kilitoka wapi. Kioo ni mtoto wa mchanga. Mchanga safi huchanganywa na magadi na chokaa, kisha mchanganyiko huo huyeyushwa katika tanuri yenye joto la nyuzi 1,500 hivi za Selsiasi. Magadi husaidia mchanga uyeyuke upesi, nayo chokaa hukipa kioo ugumu ili kisiharibiwe na maji.

Mwanafunzi wa Jiografia atakumbuka kwamba Ziwa Magadi, katika Kaunti ya Kajiado, limekuwa likichimbwa magadi kwa zaidi ya miaka 100, na kwamba sehemu kubwa ya magadi hayo huuzwa kwa viwanda vya kioo. Huenda basi kigae unachokiokota ufuoni kina chembe iliyoanza safari yake katika Bonde la Ufa, ikapita kiwandani, ikawa chupa, ikanywewa, ikavunjika, kisha ikaangukia baharini.

Ikishafika humo, bahari huanza kazi mbili kwa wakati mmoja. Kazi ya kwanza ni kusugua. Kila wimbi likija na kila wimbi likirudi, kipande hubingirishwa juu ya mchanga na changarawe hadi ncha zake zote zimelika. Kazi ya pili ni ya siri zaidi. Maji ya chumvi huyanyonya magadi na chokaa kutoka kwenye uso wa kioo, kidogo kidogo, yakiacha vishimo vidogo mno. Vishimo hivyo ndivyo vinavyoupa uso wa kigae ule ukungu wake.

Kazi hiyo haina haraka. Kwa kawaida huchukua miaka 20, 40 au zaidi, kutegemea nguvu za mawimbi na ukali wa changarawe. Wapo mafundi wanaojaribu kuiga kwa kuvizungusha vipande vya chupa katika pipa la mashine pamoja na mchanga. Kioo chao hulainika vizuri, lakini mtu mzoefu hukitambua, kwa kuwa kigae halisi aghalabu kina alama ndogo ndogo zilizopinda kama mwezi mwandamo, alama za kugongana na mawe kwa miaka mingi. Subira huvuta heri, lakini mashine haina subira.

Kila rangi na kisa chake

Mwokotaji anayeanza huokota chochote kinachometa. Baada ya siku mbili tatu huanza kuchagua, na hapo ndipo uhondo unapoingia.

Rangi tatu ndizo za kawaida: hudhurungi, kijani kibichi na nyeupe. Hudhurungi ni ya chupa za bia na za baadhi ya dawa, kwa sababu rangi hiyo huzuia mwanga usiharibu kilichomo. Kijani kibichi ni ya chupa za mvinyo na vinywaji vinginevyo. Nyeupe ni ya soda, mitungi ya jamu, bilauri na vioo vya taa za chemni.

Ukipata kigae cha buluu iliyokolea, mwite mwenzako aje kukitazama. Zamani rangi hiyo ilitumiwa kwa chupa za dawa, na kule Uingereza hata kwa chupa za sumu, ili mtu asije akazinywa gizani kwa bahati mbaya. Zambarau hafifu nayo ina ajabu yake, kwani haikuwa zambarau tangu mwanzo. Hadi wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, viwanda vingi vilitia madini ya manganizi katika kioo ili kiwe cheupe. Kioo cha aina hiyo kikikaa juani miaka na mikaka, manganizi hugeuka na kukipaka zambarau. Kwa hivyo rangi yenyewe hukuonyesha umri wake.

Nyekundu na ya machungwa ndizo adimu kupita zote. Kioo chekundu kilikuwa ghali kukitengeneza, na kingine kilitiwa hata chembe za dhahabu ili kipate rangi hiyo. Nyekundu ilitumika katika vyombo vya anasa na katika taa, zikiwemo taa za ubavu wa kushoto wa meli. Kuna watu waliookota vigae miaka mingi na hawajawahi kukitia machoni kigae chekundu.

Takataka iliyogeuka kivutio

Mahali wanapopasifu sana waokotaji wa Ulaya ni mji mdogo wa Seaham, katika pwani ya Durham, kaskazini mashariki mwa Uingereza. Mnamo 1853, mfanyabiashara John Candlish alifungua huko kiwanda cha chupa kilichokuja kuwa miongoni mwa vikubwa zaidi nchini humo. Mabaki ya kioo yalimwagwa baharini. Kiwanda kilifungwa mwaka 1921, lakini bahari haikufunga kazi. Zaidi ya karne moja baadaye, watu bado husafiri hadi Seaham kuinama kwenye changarawe ile baridi, wakitafuta hasa vigae vyenye rangi mbili au tatu katika kipande kimoja, ambavyo ni mabaki ya mafundi waliochanganya rangi tanurini.

Ng'ambo ya pili, huko California nchini Marekani, kuna mji uitwao Fort Bragg. Kuanzia 1906 hadi 1967, wakazi wake walikuwa wakimwaga taka zao zote baharini kutoka juu ya majabali: chupa, vyombo, hata magari mabovu. Mwishowe serikali ilipiga marufuku jambo hilo, vyuma vikaondolewa au vikaliwa na kutu, na kilichobaki kikawa ufuo uliojaa vigae vya rangi mbalimbali. Wageni walimiminika. Mwaka 2002 sehemu ya ufuo huo ikatiwa ndani ya hifadhi ya jimbo, na leo hairuhusiwi kuviokota vigae humo. Dunia ina vituko: kitu ambacho mji ulikitupa kwa kukidharau, kizazi kingine kimewekewa sheria kisikichukue.

Chupa ilipokuwa mali

Je, pwani yetu ina vigae vingi kama hivyo? La, na sababu yake inafaa kuelezwa.

Likizo moja ya Agosti niliwachukua wapwa zangu wawili kutoka Nairobi hadi ufuo wa kaskazini mwa Mombasa. Walikuwa na umri wa miaka tisa na kumi na miwili, na siku ya pili tayari walikuwa wamechoka na bahari na kurudia simu zao. Asubuhi yake niliwaambia kwamba atakayepata kigae cha buluu nitamnunulia madafu mawili. Saa nzima ikapita bila mtu kuulizia simu. Tulipokuwa tukihesabu mavuno yetu, ambayo yalikuwa ya hudhurungi kumi na moja, kijani sita na vyeupe vinne, alitukuta mvuvi mmoja mzee akitoka kuutazama mtego wake.

"Shikamoo, babu," wakasema watoto.

"Marahaba, wajukuu wangu. Hivyo vigae mwavitakia nini?"

Yule mdogo akamweleza kwa bidii habari za mawimbi na miaka 40. Mzee akasikiliza hadi mwisho, akacheka, kisha akaketi kwenye kisiki cha mkoko kilicholetwa na maji.

"Zama zetu msingeviona," akasema. "Chupa ilikuwa mali. Chupa ya mafuta ya taa, chupa ya asali, chupa ya mafuta ya nazi, chupa ya dawa ya mtoto. Mama akituma dukani, aliyeivunja alijua atakipata. Nani angeitupa baharini?"

Maneno hayo yalikuwa na hekima ambayo hutaipata katika vitabu vya waokotaji wa Ulaya. Wingi wa vigae katika ufuo ni ushahidi wa watu waliotupa. Uchache wake huenda ukawa ushahidi wa watu waliotunza. Hata leo, mwenye duka humwuliza mteja, "Umekuja na chupa?" kabla ya kumpa soda ya chupa ya kioo, na asiyekuja nayo huacha pesa za amana. Desturi hiyo tunayoiona kama usumbufu imeiokoa bahari yetu na chupa nyingi.

Hata hivyo, vigae vipo. Vilitoka melini, vilitoka mijini, vilitoka kwa wavuvi na kwa walevi, na ukijua pa kutazama utavipata.

Jifunze saa ya bahari

Asiyejua maji kupwa na kujaa hawezi kuwa mwokotaji. Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku, na kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi kuliko jana yake. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua, wakati ambapo maji hujaa sana na kupwa sana, na katika pwani ya Mombasa tofauti kati ya kujaa na kupwa huweza kupita mita tatu. Kati ya bamvua mbili huja maji mafu, ambapo bahari haiendi mbali wala hairudi mbali.

Chagua bamvua. Siku hizo bahari hupwa kabisa aghalabu katikati ya asubuhi, wakati mzuri kwa watoto kwani jua bado halijawa kali. Anza kutembea maji yakiwa yanaondoka, usingoje yarudi. Tazama mstari wa mwani uliosukumwa juu na maji, kisha tazama penye changarawe na vijiwe, hasa kando ya miamba, maana bahari huweka vitu vyenye uzito unaokaribiana mahali pamoja. Tembea ukielekea jua, nacho kioo kitajionyesha chenyewe.

Pepo nazo zina kazi yake. Kusi na kaskazi husukuma mchanga pande tofauti, na msimu ukigeuka, sehemu iliyokuwa imefukiwa hufunuliwa. Ufuo uliokunyima mwezi Januari waweza kukupa mwezi Agosti. Vilevile kumbuka kwamba sehemu kubwa ya pwani yetu imekingwa na mwamba wa matumbawe. Mawimbi makubwa huvunjikia huko nje na kufika ufuoni yakiwa yamepungua nguvu, kwa hiyo kigae chetu huweza kuchukua muda mrefu zaidi kulainika. Ukiokota ambacho bado kina makali, usikirudishe majini. Kitie kwenye mfuko wa taka, kwani atakayekikanyaga kesho ni mtoto wa mtu.

Vaeni viatu vyepesi vyenye nyayo imara, kwani kwenye miamba kuna viumbe wenye miiba mirefu myeusi ambayo ikikuchoma hutausahau uchungu wake. Bebeni maji ya kunywa na kofia. Na maji yakianza kurudi, nanyi rudini. Bahari haina mazoea na mtu.

Mahali pa kutazama tu

Kwa familia inayotaka kuunganisha uokotaji na masomo, ningependekeza siku moja Jumba la Mtwana. Toka Mombasa kwa matatu ya kwenda Mtwapa, vuka daraja la mkono wa bahari, kisha mbele kidogo ukunje kulia kuelekea pwani. Utafika kwenye magofu ya mji wa Waswahili uliokuwa hai katika karne ya 14 na kuachwa katika karne ya 15. Kuna nyumba za mawe, visima, makaburi na misikiti, na mmoja wa misikiti hiyo uko karibu mno na bahari hivi kwamba unasikia mawimbi ukiwa umesimama penye kibla. Mibuyu imeota katikati ya kuta, kivuli chake ni kizuri, na upepo haukosekani. Mwanaakiolojia James Kirkman, yule aliyefukua magofu ya Gedi kuanzia 1948, ndiye aliyefukua hapa pia mnamo 1972.

Lakini hapa mwokotaji anapaswa kuzuia mkono wake. Katika miji ya kale ya pwani yetu, kuanzia visiwa vya Lamu hadi kusini, ardhi imejaa vigae vya vyungu, vipande vya vyombo vya kauri vilivyoletwa kutoka Uchina na nchi za Kiarabu, na ushanga wa kioo kutoka India. Hivyo si takataka. Mwanaakiolojia hukisoma kigae cha chungu kama wewe unavyolisoma gazeti hili: aina ya udongo, nakshi na rangi yake humwambia mji ulijengwa lini, ulifanya biashara na nani, na ulikufa wakati gani. Maandishi hayo husomeka tu kama kigae kiko mahali pake. Kikishaingia mfukoni mwa mgeni na kupelekwa Nairobi, hubaki kipande cha chungu tu, kisichoweza kumweleza mtu lolote. Sheria ya Makavazi na Urithi wa Kitaifa ya mwaka 2006 inavilinda vitu hivyo, na faini si ya kuchezea. Piga picha, uviache vilipo.

Makombe na simbi nayo tuyaache. Mtoto hudhani kombe tupu halina mwenyewe, kumbe kaa mtawa hulisubiri alifanye nyumba, kwa kuwa yeye hazaliwi na gamba la kujikinga tumboni. Katika hifadhi za baharini, kama zile za Malindi na Watamu zilizoanzishwa mwaka 1968 na ile ya Mombasa ya 1986, kuyachukua makombe na matumbawe ni kosa. Kabla ya kuokota lolote ndani ya hifadhi, hata kigae cha chupa, mwulize askari wa wanyamapori. Kuuliza si ujinga.

Bahari ya plastiki

Sasa tufike kwenye jambo linaloumiza. Mtu akitembea ufuoni leo kutafuta kigae kimoja cha kioo, atapita vifuniko vya chupa za plastiki ishirini, malapa matano, vipande vya kamba za nailoni na vijiko vya aiskrimu. Wapwa zangu waliacha kuhesabu walipofika mia moja.

Kioo na plastiki vyote huingia baharini kwa mkono wa binadamu, lakini havitoki sawa. Kioo kilitoka mchangani, na bahari hukirudisha polepole karibu na asili yake. Plastiki bahari haijui ifanye nini nayo. Jua huikausha, mawimbi huikata vipande vidogo na vidogo zaidi, lakini haigeuki mchanga. Kasa huimeza akidhani ni chakula, samaki humeza chembe zake, na samaki huyo ndiye tunayemkaanga na kumla kwa wali wa nazi.

Zimefanyika juhudi. Agosti 2017 Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki, na tangu Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi katika mbuga, misitu na fuo zilizohifadhiwa. Huko Lamu, mafundi wa majahazi walifanya jambo la kustaajabisha. Waliunda chombo cha urefu wa mita tisa kwa plastiki iliyookotwa, wakakivika ubavuni vipande vya malapa 30,000 ya rangi zote, wakakiita Flipflopi. Kilishushwa majini mwaka 2018, na mapema 2019 kikatweka tanga kutoka Lamu hadi Unguja, safari ya kilomita 500 hivi, kikitia nanga njiani na kuwafundisha watu. Wenyeji walizoea kuona jahazi la mbao likibeba taka ya plastiki. Siku hiyo waliona taka ya plastiki ikibeba mabaharia.

Hapo ndipo uokotaji wa vigae unapopata maana kubwa kuliko burudani. Beba mifuko miwili, mmoja mdogo wa vigae na mwingine mkubwa wa plastiki. Weka kanuni na watoto kwamba kila kigae kimoja kinachoingia katika mfuko mdogo kilipiwe kwa plastiki kumi katika mfuko mkubwa. Wataona ni mchezo, na ufuo mtauacha msafi kuliko mlivyoukuta.

Ufuo ni wa nani?

Kuna kikwazo kingine ambacho familia za bara hukutana nacho, hasa zisizolala hotelini. Vijia vingi vilivyokuwa vikielekea baharini vimezibwa kwa kuta za mawe na nyaya. Siku ile ile ya vigae ishirini na kimoja, mlinzi mmoja alitufuata akitueleza kwamba mbele ya ukuta wao hapapitwi ila na wageni wao. Mzee wetu mvuvi, aliyekuwa nyuma yetu, alimwuliza kwa upole kama bahari nayo imelipia chumba.

Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 62, inaitaja ardhi yote iliyo kati ya mahali maji yanapojaa na yanapopwa kuwa ardhi ya umma. Yaani pale penye mwani, penye changarawe na penye vigae ni pa mvuvi, pa mama muuza mahamri, pa mwanafunzi wa Eastleigh na pa mtalii kwa kiwango kimoja. Haki hii haihitaji ugomvi, inahitaji kutumiwa. Njia isiyopitwa huota majani, na ikiota majani haikosi mtu wa kuizungushia ua.

Kazi ya nyumbani

Mkirudi bara, msivitupe vigae kabatini. Vioshwe kwa maji yasiyo na chumvi, kisha watoto wavipange kwa rangi. Wa darasa la chini watajifunza kuhesabu na kulinganisha. Wa darasa la juu waweza kuchora jedwali la rangi, tarehe, ufuo na hali ya maji siku hiyo. Baada ya likizo tatu nne mtakuwa na kumbukumbu ambayo haipatikani dukani. Mtungi wa jamu uliojaa vigae na kuwekwa dirishani Umoja au Buruburu huipa sebule rangi kila jua linapochomoza, na mgeni hakosi kuuliza vilitoka wapi. Hapo mtoto atapata nafasi ya kusimulia habari za magadi, bamvua na mzee wa mtego.

Wazee wetu hawakutuachia vigae vingi ufuoni, kwa sababu chupa waliiona mali. Watakaookota baada ya miaka 40, nao wakiwa wameinama kama sisi, watatujua kwa tutakachokuwa tumekitupa mwaka huu. Basi, mnapopanga safari ya likizo ijayo, tazameni kalenda ya mwezi kabla ya kukata tikiti, na mifuko iwe miwili.